Unanunua Premio Tanga? Anza na injini, rangi baadaye

Toyota Premio ya umbo lililotoka mwishoni mwa 2001 ina injini tatu, na kwa nje si rahisi kuzitofautisha. Fungua boneti usome kibati cha chesisi: NZT, ZZT au AZT.

Nazipanga kuanzia ya kuchagua kwanza, pamoja na Premio ya umbo la zamani. Ya kwanza ni NZT240, injini 1NZ-FE ya lita 1.5. Chukua hii. Vipuri vipo na kila fundi anaijua. Inatumia cheni ya taimingi badala ya belti, ikikwaruza kwa zaidi ya sekunde mbili tatu ukiiwasha asubuhi, imelegea, na mara nyingi chanzo ni oili iliyocheleweshwa. Kwa mpando wa Mombo kwenda Lushoto ukiwa na abiria wanne utashusha gia, hilo si ugonjwa.

Ya pili ni ile kongwe ya umbo la kabla ya hilo, Corona Premio AT211, injini 7A-FE ya lita 1.8. Ngumu kweli kweli. Badilisha taimingi belti kila kilomita 100,000, na uangalie oili inayovuja kwenye gasketi ya kava la juu.

Ya tatu ni ZZT240, 1ZZ-FE ya lita 1.8, na hapa ndipo watu wengi wanapoumia. Pistoni za mwanzo zina vitundu vidogo vya kurudishia oili. Vikiziba kwa masizi, ringi za pistoni zinaganda na oili inaungua pamoja na petroli. Injini inabeba lita 3.7 tu: ikila lita moja kila kilomita 1,000, itakauka kabla ya servisi ya 5,000. Oili nzito inaficha moshi tu, ringi inabaki imeganda. Ipime hivi: endesha hadi Pongwe na kurudi, iache ikinguruma imesimama dakika tano, kisha kanyaga hadi mizunguko 3,000. Wingu la buluu likitoka nyuma, achana nayo.

AZT240 ya lita 2.0, yenye maandishi D-4, iwe ya mwisho. Petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa hiyo haioshi valvu za kuingizia hewa. Masizi yanajaa, gari linatetemeka likisimama. Pampu yake ya presha kubwa ni ghali na haipendi mafuta machafu.

Kwa zote, fungua rejeta ikiwa ya baridi. Maji ya rangi ya kutu yana maana gari limenyweshwa maji ya kisima badala ya kulanti, yaani maji maalumu ya kupoozea injini. Na ukigusa boneti ukaikuta ya moto, mwambie muuzaji utarudi kesho alfajiri, asiliwashe mpaka ufike, ili ulikague likiwa la baridi.