Pompi ya mgongoni ya lita 16 kutoka Birere: tenki nzuri, nozeli mbovu

Nalima kabichi na viazi Kibumba, na pompi hii niliinunua kwa muuzaji mmoja wa Birere, Goma. Tenki ni imara, mikanda haikati mabega. Shida iko kwenye nozeli (ncha inayotoa dawa) ya plastiki iliyokuja nayo. Nilipulizia maji matupu kwenye sakafu kavu ya saruji: katikati palilowa haraka, kushoto ukabaki mstari mkavu. Shambani, mstari huo ni kabichi zisizopata dawa. Chujio nalo lina matundu makubwa mno kwa maji yetu yenye mchanga wa volkano, na mchanga ndio unaokula tundu la nozeli. (Likiziba, tafadhali usichokoe kwa sindano; tumia brashi laini.)

Nimefunga nozeli ya kauri, ya bapa (mpulizo wake hutanuka kama feni, kwa pembe ya digrii 110), na naishika sentimita 50 juu ya majani. Sasa dawa inaenea sawasawa, mradi mapito yapandane kidogo, maana bapa hutoa dawa kidogo pembeni. Presha ikishuka, mpulizo husinyaa na matone hunenepa; kidhibiti presha hakipo, na kwa bei ile walipaswa kukiweka. Ukienda kununua, muuzaji aijaze maji na kuipuliza mbele yako kwanza.