Miezi mitano nikinunua mbaazi, kunde na maharagwe kwa mzee wa nafaka, soko la Malindi

Mimi ni mama wa mahamri na mbaazi, mtaa wa Shela, Malindi. Saa kumi na mbili asubuhi watu wa bodaboda wameshaanza kusimama mlangoni, nyuma yao watoto wa shule na bakuli zao. Mteja wa asubuhi hangoji. Mbaazi zisipoiva, siku yangu imekwenda.

Mwanzo wa mwaka nilinunua mfuko wa kilo tano katika duka moja kubwa la hapa mjini. Mbaazi zilikuwa safi, hazina hata kijiwe. Nikaziroweka usiku kucha, nikabandika saa tisa. Saa kumi na mbili na nusu ukizibana kwa vidole zateleza kama shanga, na makaa yamekwisha. Niliporudisha mfuko nikaambiwa umeshafunguliwa, haurudi. Iliniuma sana, maana siku ile niliuza mahamri kwa chai tupu na wateja wengine sikuwaona tena kwa wiki nzima.

Ndipo nikaenda kwa mzee wa nafaka sokoni. Magunia yake yako wazi, unatia mkono mpaka chini. Hakuniuliza nataka kilo ngapi. Aliniuliza, "Mwanangu, wapika nini?" Nilipomwambia mbaazi za nazi, akaniondoa kwenye gunia nililosimamia. "Hizo ni za msimu wa nyuma. Waachie wa supu, watazisaga. Wewe chukua hizi."

Hapo nikajifunza jambo ambalo miaka yote nilikuwa nalikosea. Nilikuwa nachagua nafaka kwa jina na bei, kumbe la kuangalia kwanza ni umri. Nafaka iliyokaa miezi mingi katika joto na unyevu kama wa kwetu hubadilika ndani, na hata ukiichemsha kutwa hailainiki. Rosikoko, yale maharagwe ya madoadoa, zinakuonyesha wazi: ile rangi ya maziwa iliyo chini ya madoadoa mekundu ikishageuka kahawia, ziache. Kunde nyeupe nazo hufifia zikawa kama chai.

Akaniuliza pia napikia maji gani. Maji ya kisima changu yana chumvi na chokaa, kama visima vingi vya mwambao huu wa matumbawe, na chokaa hukaza ganda la nafaka. Sasa mbaazi nazipikia maji ya mfereji yanayotoka Baricho, au ya mvua nikiwa nayo, na zinaiva mapema zaidi kwa makaa yale yale. Magadi sitii. Hulainisha kweli, lakini maganda hubanduka na sufuria hunuka sabuni. Ndimu, ukwaju na nyanya pia huzuia nafaka kulainika, kwa hiyo hungoja hadi ziwe zimeiva.

Mbaazi zake naziroweka tangu magharibi. Zikishaiva natia tui jepesi, kitunguu, pilipili mbichi na manjano kidogo, nikaziacha zichemke mpaka baadhi zipasuke na kuufanya mchuzi uwe mzito. Tui zito la kwanza ni la mwisho kabisa. Nakoroga bila kufunika, moto umepungua, maana likichemka kwa nguvu hukatika na kuacha mafuta juu.

Kunde nyeupe zake ndizo zilizonifurahisha kuliko zote, na ninaziwekea imani yangu yote Ramadhani. Badia nzuri, yaani bajia ya kunde, haihitaji unga wowote. Loweka saa tatu, sugua kwa viganja ndani ya maji, maganda yaelee uyamwage, tena na tena mpaka zibaki nyeupe. Saga kwa maji machache sana pamoja na kitunguu saumu na pilipili, kisha upige kwa mkono. Hapa ndipo wengi huchoka mapema. Piga mpaka uone rojo limepauka na limejaa pumzi. Dondosha tone katika kikombe cha maji: likizama, endelea kupiga; likielea, teleka mafuta. Kunde zilizobunguliwa haziwezi kazi hii, na za mzee huyu tangu nianze sijakuta hata moja yenye tundu.

Pojo ni za chakula cha nyumbani, pamoja na wali na samaki wa kukaanga. Hazina haja ya kurowekwa. Watu wa bara huziita ndengu, na wageni hukosana na muuzaji kwa sababu kwetu dengu ni nafaka nyingine. Ukienda, onyesha kwa kidole.

Maharagwe mekundu madogo yanashika umbo, ndiyo mazuri kwa pure, yaani mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Rosikoko ni laini, mchuzi wake mzito, nazipendelea kwa nazi na chapati. Ila maharagwe, hasa mekundu, yana sumu ya asili yakiwa hayajaiva. Roweka angalau saa tano, mwaga yale maji, kisha chemsha kwa moto mkali dakika 10 au zaidi kabla ya kupunguza. Jirani yangu aliyaweka moja kwa moja kwenye chungu cha umeme cha moto mdogo, na usiku ule nyumba nzima ilitapika. Nawaomba mlichukue hili kwa uzito.

Kasoro zake nazo nizitaje. Pojo zina vijiwe, nazipitisha kwenye ungo mara mbili. Ijumaa hufunga kabla ya saa sita na hafungui tena, na pesa za simu hapokei. Bei yake imezidi ya jirani zake kwa shilingi 20 hivi kwa kilo. Ila mizani yake ni ya haki. Nimepima tena nyumbani zaidi ya mara moja.

Juzi mbaazi zilikuwa zimepungua, akakataa kuniuzia zilizobaki chini ya gunia. Mpya za Ukambani huanza kuvunwa mwezi wa nane, akaniambia nivumilie kidogo. Nimemwachia pesa za kilo kumi, na kwa sasa wateja wangu wanakula mahamri kwa kunde za nazi.