Tattva Bodha: kijitabu kikavu, lakini cha kuanzia Vedanta ni hiki

Tattva Bodha ni kijitabu cha Kisanskriti cha maswali na majibu kuhusu Vedanta, falsafa ya Kihindu itokanayo na Upanishad, maandiko matakatifu ya kale. Wafuasi humhesabia Shankara, mwalimu mashuhuri wa Vedanta, ingawa wapo wasomi wanaolipinga hilo. Kwa anayeanza, mpangilio wake una faida kuliko jina la mtungaji.

Kinafungua kwa sifa nne za mwanafunzi: kupambanua kidumucho na kipitacho, kutotamani malipo ya hapa wala ya peponi, nidhamu sita za ndani (utulivu wa fikra na uvumilivu zimo), na kiu ya ukombozi. Wengi huziruka, wakakimbilia ile kauli ya Chandogya Upanishad, “Wewe ndiwe Hilo,” yaani uhalisi mkuu wa vyote. Hapo ndipo panapoharibika: “wewe” anabaki yuleyule mwenye cheo na hasira zake, na kauli inageuka majivuno.

Sehemu nono ni ya miili mitatu: wa nje, mwili laini wenye sehemu 17 (hisi 5, viungo vya kutenda 5, pumzi 5, fikra na akili), na mwili wa chanzo, yaani kutojua kwenyewe. Isomwe sambamba na hali tatu za kuamka, ndoto na usingizi mzito. Ukiamka ukasema “nililala fofofo, sikujua kitu,” jiulize: huko kutojua kulijulikana kwa nani? Fikra zilikuwa zimezimika. Vedanta inajibu kwamba shahidi hakuondoka, naye ndiye Atma, nafsi halisi ya mtu. Tahadhari moja: raha ya usingizi huo siyo Atma. Ni la tano kati ya maganda matano yanayoifunika Atma, nalo huvuliwa kama mengine. Hata watafakari wa siku nyingi hukwama hapa.

Hesabu ya jinsi elementi tano za ulimwengu (anga, hewa, moto, maji na ardhi) zinavyochanganyika (kila moja hubaki na nusu yake, ikapokea thumni kutoka kwa kila moja ya zile nne) unaweza kuipitia harakaharaka.

Mwishoni karma, yaani matendo na matokeo yake, inaelezwa vizuri. Iliyolimbikizwa huteketezwa na ujuzi, mpya haimgandi mjuzi, lakini iliyokwisha kuanza kuzaa lazima iishe yenyewe, mithili ya mshale uliokwisha kutoka kwenye upinde. Ndiyo maana aliyekombolewa angali hai bado huumwa na kuzeeka.

Kasoro yake ni majibu ya mkato mno. Usinunue tafsiri tupu. Tafuta toleo lenye maana ya neno kwa neno na ufafanuzi. Ukiwa na mwalimu, nyota tano. Peke yako, tatu, maana bila wa kumuuliza utaishia kukariri orodha.