Ziara ya miguu ya "mfalme na Bunge" pale barabara ya Whitehall, London, nyota tatu tu

Jamani nimefanya ile ziara ya miguu London inayohusu ugomvi wa wafalme na Bunge, kutoka Trafalgar Square mpaka Westminster, masaa mawili, na kiukweli nimetoka nimefurahi nusu.

Mwanzo moto. Jamaa anayetembeza anaanzia kwa sanamu ya Charles wa Kwanza, kapanda farasi anaangalia Whitehall, yaani anaangalia kule kule alikokatwa kichwa 30 Januari 1649, halafu mkifika kwenye saa ya Horse Guards, jengo la walinzi wa mfalme wa farasi, anawaonyesha alama nyeusi kwenye namba mbili, watu husema ndo muda shoka lilipotua. Na ile ya mfalme kuvaa mashati mawili asitetemeke kwa baridi watu wakadhani anaogopa, anaisimulia mpaka unajishika shingo.

Shida ni upande wa wahafidhina. Mimi nililipia hasa kwa ajili ya Tory (jina lenyewe lilianza kama tusi, majambazi wa Ireland), wale walioshikilia kwamba mfalme kawekwa na Mungu na raia hana ruhusa ya kumpinga, halafu akaja James wa Pili, Mkatoliki, akaanza kuligusa Kanisa lao la Anglikana na kusimamisha sheria za Bunge kwa amri yake mwenyewe, wakabaki kiapo cha kumtii mfalme mkono huu, kanisa mkono huu. Mwaka 1688 akakimbilia Ufaransa. Sasa hapo ndo utamu. Mapema 1689 watu wakabishania neno moja: mfalme "amejivua" ufalme au "amekimbia" tu? Utadhani mambo ya kamusi, kumbe ukisema amejivua na kiti kiko wazi basi Bunge ndo linachagua mfalme, ukisema amekimbia taji linaenda kwa mrithi kama kawaida. Tory wengi kule kwa malodi (baraza la juu la Bunge) walitaka hata James abaki mfalme wa jina, mwingine atawale kwa niaba yake, wakashindwa kwa kura chache mno. Mimi siwaoni wajinga, waliogopa tu kwamba ukishamchagua mfalme mmoja, wa pili utamchagua vilevile.

Haya yote jamaa kayamaliza dakika tatu, tena tunavuka barabara, basi la ghorofa linapita, sijasikia kitu. Kilichoniuma zaidi, mbele ya Banqueting House, jengo ambalo Charles alikatwa kichwa nje yake, tumesimama dakika ishirini ni kichwa, kichwa, kichwa, hakusema kwamba ndani ya jengo hilohilo 13 Februari 1689 William na Mary (binti wa James na mumewe) walisomewa kwanza Tamko la Haki, kodi hakuna bila Bunge, jeshi wakati wa amani hakuna bila Bunge, ndo wakapewa taji. Nyumba moja, miaka 40! Nikamuuliza tulipofika kwa sanamu ya Cromwell, yule kiongozi wa jeshi la Bunge lililompiga Charles, kajibu muda hautoshi. Wakati pale Horse Guards tumepiga picha na farasi robo saa nzima.