Mfupa wa ngozi wa kutafuna: kwa mbwa mlafi, ule mdogo uacheni dukani

Mifupa ya ngozi iliyokaushwa, yenye fundo kila ncha, husifiwa kwa kusafisha meno na kumtuliza mbwa anayekula viatu. Kazi hiyo inaiweza, mradi mbwa atafune. Shida ni ule wa sentimita 10 hivi: kwa Labrador au German Shepherd, hilo ni tonge moja.

Mbwa hasagi chakula kama ng'ombe. Magego yake hukata, kisha anameza. Mfupa ukilowa mate huteleza, na akisogea mbwa mwingine, au ukijaribu kumnyang'anya, ndipo anaubugia mzima. Loweka mmoja kwenye maji ya vuguvugu usiku kucha uone. Asubuhi fundo limevimba na kulegea. Ukilivuta linafunguka kuwa kipande cha ngozi nyeupe kinachoteleza na kugoma kuchanika. Tumbo hukilainisha polepole mno, na kikiwa kikubwa huweza kuziba utumbo.

Akishameza, tazama pumzi kwanza. Aliyekabwa huparura mdomo kwa miguu ya mbele na ufizi hugeuka kijivu au buluu. Fungua mdomo. Ukiuona mfupa, uvute. Usipouona, usichokonoe kwa kidole, utausukuma ndani zaidi. Mbwa mdogo mwinue miguu ya nyuma, kichwa kikiwa chini. Mkubwa, simama nyuma yake, weka ngumi pale mbavu zinapoishia, bonyeza kwa nguvu kuelekea ndani na juu mara 5, kisha kagua mdomo tena. Hata ukitoka, daktari amwone.

Kama anapumua lakini anadondosha udenda, ananyoosha shingo, anameza-meza, na maji yanarudi punde tu akinywa, basi umekwama kwenye umio. Hapo usingoje kesho: ukuta wa umio ukibanwa hufa na kutoboka. Daktari wa mifugo huutoa kwa kamera na koleo refu, mbwa akiwa kwenye nusukaputi. Si kila kliniki ina kifaa hicho, kwa hiyo uliza kwa simu kabla ya kuwasha gari.

Kama ni mchangamfu, andika saa, ukubwa wa mfupa na uzito wa mbwa, mpigie daktari, kisha mchunge siku 3. Akitapika tena na tena, akikataa chakula, tumbo likikaza au akijikamua bila choo, mpeleke. Eksirei ya kawaida huweza isiuone, maana ni ngozi tu. Omba na altrasaundi.

Maji ya chumvi na mafuta ya kupikia, dawa za jirani, viachwe. Chumvi nyingi ni sumu kwa mbwa, mafuta yakipalia huingia mapafuni, na kitu kikubwa kikitapishwa huweza kukwama umioni kikirudi.

Kwa hiyo ule mdogo hapana. Ukitaka lazima, chukua mrefu kuliko pua na taya zake, shika ncha moja mwenyewe, na ukibaki sentimita 8 mbadilishie kwa kipande cha nyama. Uume wa fahali uliokaushwa ni afadhali, kwa kuwa humeng'enywa vizuri zaidi, ila kipisi cha mwisho nacho humezwa vilevile. Na harufu yake, tuseme, si ya sebuleni.