Kabati la kuficha choo cha paka: nimelitumia miezi sita

Haya, karibuni. Hili kabati mnaloliona nyuma yangu, lenye taa na chungu cha maua juu yake, ndani mna choo cha paka. Nimelijenga mwenyewe kwa plaiwudi ya milimita 18, na paka wangu ana miezi sita akilitumia. Najua mnataka kusikia habari za rangi na vishikio, lakini tuanze na paka, maana akilikataa kabati, mkojo mtaukuta kwenye zulia.

Mpime kutoka puani hadi mkia unapoanzia, kisha ongeza nusu ya urefu huo. Trei isipungue hapo. Wangu ana sentimita 44, kwa hiyo nilitafuta trei ya 66. Kabati kwa ndani lina urefu wa 95, kina 50, kimo 60. Zile 29 zilizobaki nimezitenga kwa ubao, zikawa kama kibaraza: paka anaingia kwa tundu la ubavuni, anakanyaga mkeka wa mpira, ndipo anakata kona kwenda kwenye trei. Akirudi, mchanga unamdondoka miguuni palepale. Hiki kibaraza nakipenda kuliko kitu kingine chochote humu, kwa kweli. Sebule yangu haina mchanga tena.

Tundu lina upana wa sentimita 20, kingo nimezipiga msasa hadi zikalainika. Kama paka wako ni mzee au viungo vinamuuma, literemshe hadi karibu na sakafu asilazimike kuruka.

Sasa niwaambie palipoharibika. Mwanzoni nilipaka vanishi nje tu. Paka wangu hukojoa akiwa ameinua makalio, mkojo ukapiga ukuta, ukateremka kwenye maungio, plaiwudi ikaunywa ikavimba. Na mkojo ukishaingia kwenye mbao, sabuni haiutoi. Nilibandua sakafu yote, nikakata nyingine, nikapaka ndani vanishi isiyopitisha maji mikono mitatu, pembe zote nikaziba kwa silikoni. Juu yake nimetandika plastiki nene iliyokunjwa kingo. Halafu nikaliacha wazi wiki nzima hadi harufu ya vanishi ikaisha kabisa. Tafadhali msiharakishe hapo.

Hewa nayo. Mkojo uliokaa hutoa amonia, na anayeivuta humo ndani ni paka. Nimetoboa mgongoni safu mbili za matundu, moja chini, moja juu, na kabati nimelisogeza mbali kidogo na ukuta. Manukato msiweke, paka wengi huyakimbia.

Milango ni miwili, ya bawaba, inafunguka mbele yote. Niliona mifano yenye kimlango kidogo tu cha kuchotea na sikuipenda. Uchafu unatakiwa kuchotwa kila siku, na mahali pa kuinama kwa taabu utapaahirisha. Halafu choo kikifichwa, dalili za ugonjwa nazo zinafichika. Paka dume anayeingia na kutoka mara nyingi, anajikamua na mkojo hautoki, huenda njia imeziba. Huyo ni wa kukimbizwa kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo. Kwa hiyo ninapochota huhesabu mabonge ya mkojo, yaani mchanga ulioganda kwa mkojo. Yakipungua ghafla, najua pana jambo.

Kumzoesha hakukuwa kugumu. Nilianza bila milango, trei ileile, mchanga uleule. Siku ya tano nikafunga mlango mmoja, baada ya wiki wa pili.

Je, ninalipendekeza? Kwa mwenye paka mmoja, ndiyo, bila kusita. Ila ni zito, kulihamisha ni kazi ya watu wawili. Wenye paka wawili, kumbukeni hesabu ya vyoo ni idadi ya paka ukiongeza kimoja, kwa hiyo kabati moja halitawatosha.

Sogeeni sasa, nafungua milango muone trei inavyochomolewa.