Riverworld: Burton kafufuka, na safari hii mzigo kabeba mwenyewe

Jamani kuna vitabu vya sai-fai nimevisoma juzi na nimeshindwa kukaa navyo kimya. Vinaitwa Riverworld, mtunzi ni Mmarekani Philip José Farmer, vikuu viko vitano, cha kwanza kimetoka 1971 na cha mwisho 1983. Kile cha kwanza, To Your Scattered Bodies Go, kilibeba Hugo, tuzo kubwa ya vitabu vya sai-fai, 1972, ila mi tuzo sikuijua wala nini. Nilikikuta kwa muuza vitabu vya mtumba kimechoka, jalada limeshikiliwa na selotepu, nikapekua kurasa za mwanzo nikaona jina Burton. Nikasema Burton yupi tena, huyu huyu wa Ujiji? Ndo yeye. Nikatoa elfu nne hata bei sikuvutana.

Kwa aliyesahau somo la historia, Richard Burton ndo yule Mwingereza aliyetia mguu Zanzibar Desemba 1856, mwaka uliofuata akavuka mpaka Kaole, karibu na Bagamoyo, akaingia bara kwa njia ya misafara mpaka Kaze, hapo Tabora ya leo, na Februari 1858 akaliona ziwa Tanganyika. Alikuwa anatafuta chanzo cha mto Nile na hakukipata. Mwenzake Speke alimwacha Kaze anaumwa, akachepuka kaskazini, akaliona lile ziwa kubwa kule juu, Victoria, akarudi anasema chanzo ni hiki nimekiona kwa macho yangu, na urafiki ukafia hapo hapo. Burton akaja kufa Trieste 1890.

Sasa Farmer anaanzia pale anapokata roho. Burton anafumbua macho anajikuta yuko uchi, anaelea, mwili umerudi ujana, na juu na chini na kila upande kuna miili mingine imepangwa safu kwa safu inazunguka taratibu kama kuku wa kwenye mashine ya kubanika. Anapapasa papasa anashika vyuma fulani, miili inaanza kudondoka, kinatokea kitu kama mtumbwi wa hewani na watu wawili ndani, wanamlaza tena usingizi. Akija kuamka mara ya pili yuko kando ya mto, kipara, hana nywele hata moja, na pembeni yake kuna maelfu ya watu wengine wanapiga mayowe hawajui kama hii ni Pepo au ndo ule upande mwingine.

Mi nimekulia kwenye masimulizi ya kiyama, kaburi, Munkari na Nakiri, mizani, kwahiyo hapa nilicheka peke yangu maana hamna cha mizani wala cha malaika. Karibu watu wote waliowahi kuishi, kuanzia wa mapangoni mpaka wa zama za karibuni, bilioni 36 na ushee, wamefufuliwa siku moja kwenye sayari iliyotengenezwa makusudi. Sayari yenyewe ni bonde moja tu la mto unaojizungusha zaidi ya maili milioni 10, milima huku na huku haipandiki. Kila mtu kapewa mwili wa miaka 25, mgonjwa kapona, aliyekatika mguu kaota mguu, wanaume wote washatahiriwa tayari (kazi ya ngariba imefanyika kabla hujaamka). Ukifa, kesho yake unaamka tena, ila sehemu nyingine kabisa ya mto, huchagui wewe. Na waliofanya yote haya hawajitokezi. Hawajasema wametoka wapi wala wanataka nini. Yani ni akhera ya kutengenezwa na mafundi, na mafundi wamejificha.

Alafu kuna chakula. Kila mtu anaamka na kitu kama hotpoti ya chuma imefungwa mkononi, mfuniko anaweza kuufungua mwenye nayo tu. Kando ya mto kuna mawe makubwa yana umbo la uyoga, juu yana mashimo, unatumbukiza hotpoti yako unakaa mbali, mara tatu kwa siku jiwe linanguruma linatoa moto wa buluu, ukienda kufungua unakuta nyama, mkate, siagi, pombe, sigara, na bigijii fulani ambayo ukiitafuna akili inahama kabisa. Hotpoti ikipotea umekwisha, kwa sababu hamna mnyama wa kuwinda wala ng'ombe wala kuku, kuna samaki na mianzi basi.

Hapo ndo kitabu kilipokaa kwangu. Chakula ni cha bure, magonjwa hakuna, kifo chenyewe ni cha siku moja, wewe ungedhani watu watatulia. Wapi! Haikuchukua muda wameanza kushikana utumwa. Mtumwa hauzwi wala halimi, wanachotaka ni hotpoti yake tu. Wanamfungia, inapofika saa ya kula anafungua mwenyewe maana wengine hawawezi, wanachukua pombe na sigara na nyama wanamwachia vya kumfanya asife. Na asife kweli, kwa sababu akifa hotpoti haifunguki tena. Anayeongoza biashara hiyo ni Hermann Göring, ndiyo, yule wa Hitler, yeye na mfalme mmoja wa Roma ya kale, na Burton anakamatwa anaonja. Nilivyosoma kurasa zile nilikuwa nimetoka Bagamoyo wiki mbili nyuma, nikaweka kitabu chini nikaenda kuchemsha chai. Farmer hajahubiri hata sentensi moja, amekuonyesha tu mtu na kopo lake.

Na Burton anachofanya kwenye ulimwengu huu ni kile kile, anatafuta chanzo cha mto! Nile ilimshinda, sasa kapata mwingine mrefu kuliko yote. Kwa mashua ya mianzi anaona atachukua karne, kwahiyo akigundua ukifa unatupwa popote anaanza kujiua makusudi akibahatisha aamkie karibu na chanzo. Anajiua mara 777. Kwa hesabu hiyo ukaidi wa huyu mzee hauna dawa, na mi nakiri nilikuwa upande wake ingawa maandishi yake juu ya watu wa huku kwetu yamejaa dharau na wala sijamsamehe.

Lakini sasa nina ugomvi na Farmer. Burton halisi hakutembea kwenda Ujiji peke yake, mizigo ilikwenda vichwani kwa wapagazi na yeye mwenyewe sehemu kubwa ya njia alibebwa kwenye machela, miguu imegoma. Na alikuwa na Sidi Mubarak Bombay, Myao, aliyekamatwa utotoni akauzwa Kilwa akapelekwa India, bwana wake alipokufa akawa huru akarudi Zanzibar. Bombay huyu ndo aliwapigisha hatua Burton na Speke, baadae akaenda na Speke tena, akaenda na Stanley, akaenda na Cameron mpaka bahari ya Atlantiki. Kwa kuhesabu maili za ardhini nadhani kamzidi Burton mbali tu. Sasa kama kila binadamu kafufuliwa, si na yeye yumo? Na kapewa miaka 25, umri ambao duniani huenda bado alikuwa mtumwa India, safari hii ameamka hana bwana! Na wale Wanyamwezi wa msafara wote wamo! Mi nilifungua kila sura nikisubiri waje wakutane ukingoni, Burton na hotpoti yake mkononi, Bombay amuulize kwa Kihindustani chao kile, bwana mkubwa leo nani kakubebea? Hawakutokea. Burton kapewa wenza wengine, Alice Liddell yule mama ambaye utotoni ndo alitungiwa hadithi ya Alice in Wonderland, mtu wa kale wa Neanderthal anayeitwa Kazz, kiumbe mmoja wa sayari nyingine, na mwandishi Peter Frigate ambaye ukiangalia herufi za jina utajua ni Farmer kajiweka mwenyewe. Wote nimewapenda, Kazz hasa. Ila nafasi imepotea, tena nafasi ambayo ulimwengu wake mwenyewe ulikuwa umeshaiandaa.

Angalau kuna hili moja, kwenye mto huu hakuna mpagazi. Kila mtu kopo lake kalishika mwenyewe masaa 24, hata Burton. Nimelichukua hilo.

Vitabu vingine nitapita haraka. Cha pili, The Fabulous Riverboat, kinamhusu Mark Twain, yule mwandishi wa Kimarekani, anajenga meli ya chuma kwenye sayari isiyo na chuma, inabidi wachimbe kimondo, na mshirika wake ni mfalme John wa Uingereza ambaye ungemwamini na sufuria asingerudisha. Kinachekesha na kinauma, mke wa Twain kafufuka ila yuko na mwanaume mwingine na ndoa ya duniani kaiacha duniani. Kuna jitu Joe Miller, refu kama nguzo ya umeme, nalipenda mno. Cha tatu, The Dark Design, kinene na kinazunguka, mambo ya kujenga ndege za gesi yamenichosha nikawa naruka. Cha nne, The Magic Labyrinth, kina vita ya meli kwa meli na ndo majibu yanatolewa, na majibu ya mafundi wa ulimwengu ule hayajafika hata nusu ya maswali yalivyokuwa matamu. Cha tano sikimalizi, nimefika katikati, kimeganda.

Kiingereza chake hakina makuu, ukiwa na fomu foo ya kueleweka unasoma. Maelezo ya wanawake ni ya kiume ya miaka ile ya sabini, dada zangu mtasonya, msiseme sikuwaambia. Na kabla hujamlaumu Farmer kwa kurukaruka ujue hadithi hii aliiandika mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 50, ikashinda shindano, mchapishaji hela hakumlipa, nyumba ikamponyoka, akakaa karibu miaka 20 ndo dunia ikaisoma kwa sura nyingine.

Zipo na filamu mbili za TV, ya 2003 na ya 2010. Ile ya 2010 shujaa ni mwandishi wa habari wa Kimarekani na Burton kageuzwa adui, sasa hapo mto unabaki na maana gani? Nilizima nikalala.

Kwa hiyo nunua cha kwanza na cha pili, ukiona umenasa ongeza cha nne, cha tatu azima. Cha kwanza nakipa tisa kwa kumi, ile moja nimemkata kwa ajili ya Bombay.